Jinsi Wimbo wa Tunu Ulivyoshika Namba Moja

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye benchi la fundi cherehani, na mezani kwake yamelala majarida matatu yakisubiri kushonwa yawe jarida moja.

Sikushangaa sana. Ndoto zangu hazina ubunifu. Nikila maharage naota maharage, na wiki nzima hii ofisini hatukuwa na mazungumzo mengine ila ya majarida hayo. Mimi naitwa Mwantumu, ni mpanga chati. Kila Alhamisi nakaa na simu, nawapigia watangazaji wa redio mmoja baada ya mwingine na kuwauliza swali lilelile: "Wiki hii umepiga nyimbo gani, na upi umeombwa zaidi?" Wakishanijibu napanga nyimbo ishirini, kuanzia ule unaotamba mpaka ule unaojikongoja, na jarida linazichapa.

Jarida langu ni Wimbi, linalosomwa na watu wa redio. Kuna Kinanda, la wanamuziki, na kuna Santuri, la wenye maduka ya muziki. Kila moja lilikuwa na chati yake na mpanga chati wake, na sisi watatu hatukuwahi kukubaliana kitu. Tukikutana kwenye shughuli tunasalimiana, tunaulizana hali za nyumbani, halafu kila mmoja anakwenda kuwaambia watu kwamba wale wengine wawili ni waongo.

Mwezi huu tajiri mmoja, Faraji Lukindo, ameyanunua majarida yote matatu. Redio anazo, studio anayo, maduka ya muziki anayo. Amesema wananchi wanachanganywa na chati tatu, na kwamba kuanzia sasa kutakuwa na jarida moja, Sauti Moja, lenye chati moja na mpanga chati mmoja. Mpanga chati huyo ni mimi. Wenzangu wawili wamepewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani kila mmoja.

Kazi niliipokea kwa mikono miwili, siwezi kujidai nilisita. Lakini furaha yangu kubwa ilikuwa juu ya Tunu Mgaza.

Tunu ni shoga yangu tangu tunasoma. Ni mwimbaji wa kumbi za harusi. Miaka ishirini ameimba nyimbo za watu, na MC humtambulisha kwa kusema "dada yetu pale," basi, jina halitajwi. Mwaka huu ametunga wimbo wake wa kwanza, "Nirudishie Pasi", wa mwanamke ambaye jirani ameazima pasi yake na hataki kuirudisha. Wimbo umeshika mji. Kwenye chati ya Wimbi ulikuwa wa kwanza, kwenye Kinanda wa kwanza, kwenye Santuri wa kwanza, jambo ambalo halijatokea tangu tuanze kugombana. Nikamwambia, "Tunu, toleo la kwanza la Sauti Moja namba moja ni wewe, na picha yako inakaa jaladani. Hiyo ni ahadi." Akalia kwenye simu, kisha akaenda kushonesha gauni la kupigia picha.

Hayo ndiyo niliyolala nayo kichwani. Turudi kwa fundi.

Fundi mwenyewe hayupo, ametoka kwenda kuswali. Cherehani anafanya kazi peke yake, na ana haraka.

"Nani anaanza?" Cherehani anauliza.

Santuri, ambaye ndiye mkubwa wao na ananuka gundi, anakohoa vumbi. "Mimi nina mgongo mbovu," anasema. "Sindano ikipita hapo sitafunguka tena."

"Hutahitaji kufunguka. Watu watasoma jalada."

"Jalada ni langu," Kinanda anadakia, na anajigeuza upande wake unaong'aa. "Mwenye sura hapa ni mimi."

Wimbi anasafisha koo. Yeye huongea kama anasoma taarifa ya habari hata akiomba maji. "Habari zilizotufikia hivi punde zinasema kwamba mimi sina pingamizi," anasema. Nikamwonea aibu, maana ni jarida langu.

Cherehani akaanza. Alimshona Kinanda kwenye Wimbi, akawageuza wote wawili, akawabandika kwa Santuri. Kabla sindano haijafika kwenye mdomo wa Santuri, Santuri akaniita.

"Mwantumu, unamkumbuka yule mtangazaji aliyekwambia wimbo wa shemeji yake umeombwa kuliko zote?"

"Namkumbuka."

"Wewe ulimwamini, ukauweka wa tatu. Mimi nikauliza madukani, nikaambiwa haujanunuliwa hata na shemeji mwenyewe. Kinanda akauliza wanamuziki, wakasema huyo shemeji ni fundi bomba. Tukakuumbua, wiki iliyofuata ukautoa. Ulikasirika."

"Nilikasirika sana."

"Sasa hivi tutakuwa mdomo mmoja. Ukidanganywa tena, nani atakuumbua?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Nilitaka kumjibu, lakini sindano ilikuwa imeshapita mdomoni mwake, na Cherehani akakata uzi kwa meno.

Jarida likainuka mezani. Lilikuwa nene, lina midomo mitatu, na mmoja tu ndio unaofunguka, ule wa Wimbi. Wa Kinanda unatabasamu bila kusema kitu. Wa Santuri umeshonwa kwa uzi mweusi.

Nikasimama niondoke. Mlango wa duka la fundi ukanitoa ndani ya ofisi ya Bwana Lukindo, ghorofa ya juu kabisa, na jarida likanifuata likiburuza kitambaa.

Bwana Lukindo amekaa mbele ya simu tatu. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, na ndotoni alikuwa amevaa tai tatu kwenye shingo moja.

"Karibu, Bi Mwantumu," anasema. "Keti uone kazi inavyorahisishwa."

Ananyanyua simu ya kwanza. "Haloo, redioni? Mmepiga nini wiki hii?" Anaihamishia sikio la pili na kujijibu mwenyewe. "Tumepiga mlichotuambia tupige, mkurugenzi." Ananyanyua ya pili. "Haloo, dukani? Kimeuzwa nini?" Anajijibu. "Kilichopigwa redioni, mkurugenzi." Ananyanyua ya tatu. "Haloo, studio? Mnarekodi nini?" "Kilichouzwa dukani, mkurugenzi." Akaziweka zote chini, ameridhika.

"Unaona? Nimeuliza sehemu tatu tofauti na zote zinakubaliana. Wewe ilikuwa inakuchukua Alhamisi nzima."

"Lakini mkurugenzi, umeongea na wewe mwenyewe."

"Ndiyo sababu simu ni bure," akasema. "Sasa jumlisha. Tumia ile kanuni yako nzuri."

Hapa lazima nieleze kanuni, maana ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa yangu kweli, si ya ndotoni. Tulipoulizwa kwenye kikao namna ya kuunganisha chati tatu kuwa moja, nilinyoosha mkono nikasema: tuchukue nafasi ya wimbo kwenye kila jarida, tujumlishe, na wenye jumla ndogo ndio uwe wa kwanza. Wimbo wa Tunu ulikuwa wa kwanza kotekote, kwa hiyo moja na moja na moja, tatu. Hakuna unaoweza kupata chini ya hapo. Kikao kizima kilinipigia makofi, na mhasibu akasema nina kichwa.

Basi nikajumlisha. "Nirudishie Pasi, tatu," nikasema. "Ndio wa kwanza. Naomba tumwite Tunu apigwe picha."

Mlango ukagongwa.

Akaingia bwana mmoja aliyevaa kaunda suti iliyopigwa pasi vizuri, kiatu kinang'aa, mkononi kofia. Akatuinamia kwa heshima. Akafungua mdomo akaongea, na hakutoka sauti yoyote. Midomo inacheza, mikono inaeleza, lakini hasikiki.

Wimbi akatafsiri. "Bwana huyu anasema yeye ni wimbo. Hajawahi kurekodiwa, hajawahi kupigwa, hajawahi kuimbwa na mtu hata bafuni. Hayumo katika chati ya kwanza, hayumo katika ya pili, hayumo katika ya tatu. Anaomba ajumlishwe."

"Ambaye hayumo hajumlishwi," nikasema.

Bwana Lukindo akavaa miwani na kunitazama kwa upole. "Kanuni yako inasema hivyo?"

Nikatafuta kichwani. Haikusema hivyo. Hakuna aliyefikiria kuiweka sentensi hiyo, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba ambaye hayumo atakuja kugonga mlango.

"Jumlisha tu," akasema Bwana Lukindo.

Nikajumlisha. Hayumo, na hayumo, na hayumo.

"Sifuri," nikasema.

"Na sifuri ni ndogo kuliko tatu?"

Nilishtuka mpaka viatu vikanitoka, na sikuwa nimevaa viatu. Nilitamani kusema si ndogo. Nimesoma, nina cheti, nilijaribu kwa kila hali kutafuta namna ambayo sifuri itakuwa kubwa kuliko tatu, na sikuipata.

"Ni ndogo," nikasema.

"Basi tumepata wimbo namba moja." Bwana Lukindo akampa mgeni mkono. "Hongera sana. Nakupenda tayari. Hupigi simu kulalamika, hugombani na wenzako, na hakuna atakayesema sauti yako ni mbaya."

"Mkurugenzi, hilo ni kosa! Turekebishe kanuni!"

"Imeshashonwa ndani ya bitana," akasema. "Kuitoa ni kufumua jarida zima, na fundi amekwenda kuswali."

Niligeuka kutafuta dirisha nivute hewa, na ukuta haukuwepo. Ofisi yote ilikuwa imeondoka na makapeti yake. Tulikuwa tumesimama uwanjani, chini ya mnara wa redio, na mnara ndio ilikuwa chati yenyewe. Una vipandio ishirini tu, lakini kila kimoja ni kirefu kuliko nyumba, na juu ya kila kimoja umekaa wimbo.

Kwenye kipandio cha juu kabisa amekaa "Nirudishie Pasi". Ni mwanamke mnene wa makamo, amejifunga kanga mbili, na mkononi ameshika pasi ya mkaa anayoipuliza cheche zikiruka. Anaimba. Anaimba kwa sauti ya kujitosheleza kabisa, na pale chini wote tunatikisa vichwa bila kutaka, hata Bwana Lukindo.

Mgeni wa kaunda suti akaanza kupanda. Nyuma yake akatokea mwingine, naye wa kaunda suti, naye hasikiki. Na mwingine. Nikatazama nyuma nikaona foleni. Nyimbo zote ambazo hazijawahi kusikika duniani zimejipanga, kutoka pale uwanjani mpaka Chalinze, zimeshika kofia, hazisukumani. Kila mmoja anapofika juu anamwomba yule mama radhi kwa ishara, anamshusha kipandio kimoja, anakaa.

Mama anashuka. Wa pili. Wa tano. Wa kumi na moja. Anaimba vilevile.

"Shoga!"

Tunu alikuwa amesimama ubavuni kwangu na gauni lake la picha, la rangi ya zambarau, mabega yamejaa. Amepaka wanja. Anatazama juu.

"Shoga, mbona wimbo wangu unashuka? Si uliniahidi?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kuzungukazunguka, nikataja sifuri mara nyingi na neno kosa sikulitaja hata mara moja. Tunu huelewa haraka kuliko mimi, tangu shuleni.

"Kwa hiyo nimeshindwa kwa sababu watu wameusikia," akasema.

"Ni hivyo."

"Wangeusikia kidogo tu?"

"Kidogo ni mbaya zaidi. Ungekuwa wa ishirini kotekote, jumla sitini."

"Na wasingeusikia kabisa?"

Aliyejibu ni Bwana Lukindo, ambaye alikuwa anatusikiliza huku anakunja tai zake. "Ungekuwa na sifuri kama hawa mabwana. Na zikilingana sifuri, anatangulia mwenye mwimbaji wa kuweka jaladani. Hawa hawana hata waimbaji. Wewe una gauni."

Mdomo wa Kinanda ukatabasamu zaidi.

"Lakini umeshasikika," nikasema. "Wimbo ukishasikika umesikika. Huwezi kuwaondolea watu masikioni."

"Nani kasema?" ikauliza sauti nzito kutoka juu.

Ni Mnara. Alikuwa na sauti ya mtu aliyesimama zamu mbili mfululizo na hajala. "Mimi ndiye niliyewapelekea. Kazi yangu ni kurusha. Nikigeuza waya, navuta."

"Mpaka vichwani?" nikamuuliza.

"Huko ndiko ulikofika," akasema Mnara. "Naufuata kulekule. Mimi sina ubaya na mtu, dada, mimi ni mnara."

Mama wa pasi alikuwa ameshafika kipandio cha kumi na tisa. Akasimamisha wimbo katikati, akatuinamia kwa juu.

"Mbona mimi hamniulizi?" akasema.

"Wewe ni wimbo," Bwana Lukindo akamjibu kwa adabu.

"Najua mimi ni nini. Nasema hivi: hiyo namba kaeni nayo. Mimi niacheni huku chini, hata nje kabisa ya chati, nitakaa. Kuna dada kule Tandika hamalizi beseni la nguo bila mimi. Kuna mzee mlinzi ananipiga mluzi asisinzie. Nikitolewa, hao watafanyaje? Tunu, mwanangu, wewe ndiye uliyenizaa jikoni ukikaanga samaki. Waambie hapana."

Nikamtazama Tunu. Nilikuwa na hakika atasema hapana. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Tunu alikuwa analia, na wanja unamchora mashavu. "Miaka ishirini, Mwantumu," akasema. "Miaka ishirini nawachezesha watu. Wanacheza, wanajifuta jasho, wanakwenda kula pilau, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi akaniuliza, dada, unaitwa nani. Wimbo wanaujua. Mimi nani ananijua?" Akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Jina langu litaandikwa?"

"Litaandikwa," Bwana Lukindo akasema.

"Kamili?"

"Tunu Mgaza. Herufi kubwa."

Akanigeukia. "Andika, shoga."

Nilitakiwa kukataa. Nilitakiwa kumshika mkono nimwambie tuondoke tukanywe chai, kanuni ilikuwa ya kijinga na aliyeitunga ni mimi. Kalamu ilikuwa mkononi, sijui imetoka wapi. Nikaona kwamba nikiandika, ahadi yangu itatimia, jalada litapendeza, na hakuna atakayejua kamwe kwamba nilikosea hesabu. Hilo ndilo lililonivuta, nalisema hapa bila kupamba. Nikaandika: namba moja, Nirudishie Pasi, Tunu Mgaza. Nikatia saini.

"Haya," akasema Mnara, na akageuza waya.

Sasa nipo ukumbini Magomeni, kwenye harusi, sijui nimefikaje. Kinamama wameinua mikono, wanazunguka, wanaimba "Nirudishie Pasi" kwa sauti moja, bibi harusi amesimama katikati na fedha zimebandikwa kwenye paji la uso. Halafu midomo inabaki wazi. Mikono inabaki juu. Mpiga gitaa anavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Mama mmoja aliyekuwa mbele anamuuliza mwenzake, "Tulikuwa tunafanya nini?" na mwenzake anasema, "Tulikuwa tumesimama tu." Wanashusha mikono, wanakwenda kukaa.

Sasa nipo Tandika, kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga. Dada mmoja anafua. Anasugua, anaimba, anasugua, na ghafla anasimama na shati mkononi, povu linamtiririka kwenye viwiko. Anageuka kutazama nyuma yake, akidhani kuna mtu ameondoka. Anakaa kwenye kigoda na haendelei na kazi.

Nikapiga kelele. Nikasema, "Mnara, acha! Nimebadili mawazo! Rudisha!"

"Saini ni yako?" akauliza Mnara.

"Ni yangu, lakini nimekosea! Kanuni ni mbovu, nimekosea mimi!"

Nilisema hatimaye, kwa nguvu zangu zote, mbele ya watu wote. Hakuna aliyeshangaa. Wimbi akasema, "Taarifa hiyo itathibitishwa baadaye," na Bwana Lukindo akaangalia saa. Nikakimbilia mdomo wa Santuri, nikaanza kuukata ule uzi kwa kucha. Yeye ndiye angeweza kuniumbua. Nilikata mpaka kucha zikauma, na uzi mmoja ukakatika, na mwingine, na mdomo ukafunguka upande.

"Sema!" nikamwambia. "Sema mimi ni mwongo!"

Santuri akanitazama kwa huruma. "Kwa kulinganisha na nani, mwanangu?" akasema.

Hapo ndipo zamu ikanifikia mimi. Nilihisi wimbo unachomolewa kooni, polepole, uzi mrefu unaotoka kwenye pindo. Nilijaribu kuushika. Nikashika ubeti wa kwanza kwa meno, ukaniponyoka. Nikashika kiitikio, nikabaki na neno moja, halafu nusu ya neno, halafu mate tu.

Tunu alikuwa wa mwisho. Alipoona zamu yake imefika alifumba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anatikisa kichwa kunikatalia kitu ambacho nilikuwa nimeshakifanya. "Ngoja," alisema ndani ya viganja. "Ngoja kwanza, shoga, niuimbe mara moja tu—" Na ukatoka.

Juu kabisa ya mnara, mama wa pasi amekaa kwenye kipandio cha kwanza. Mabwana wote wa kaunda suti wamempisha, wamevua kofia. Mkaa wa pasi yake umezimika. Anafungua mdomo, anavuta pumzi, kifua kinapanda, shingo inajaa, anaimba kwa nguvu zake zote. Hatusikii kitu. Anatutazama kuona kama tunatikisa vichwa. Hatutikisi.

Nikapiga ukelele, na ukelele wangu ndio ulioniamsha.

Asubuhi ilikuwa imeshaingia chumbani. Shuka lilikuwa chini, nimelowa jasho. Nikakaa kitandani nikaanza kujicheka. Cherehani anayesema! Simu tatu! Nikakumbuka kwamba chati halisi niliipeleka mtamboni juzi, nimeihakiki kwa macho yangu, na namba moja ni Tunu kwa jumla yake ya tatu, halali kabisa, hakuna sifuri wala kaunda suti. Nikasema alhamdulillahi. Nikateleka chai.

Maji hayajachemka, simu ikalia. Ni Tunu.

Hakusalimia. Alipiga vigelegele sikioni mwangu mpaka nikaisogeza simu mbali. Yuko stendi, anasema, jarida limeshatoka, ameshika nakala tatu. "Namba moja, shoga! Jina langu lote, kwa herufi kubwa! Muuza magazeti ameniangalia, akaangalia jalada, akaniangalia tena. Kaniuliza, dada, ndiye wewe Tunu Mgaza? Kaniuliza jina langu, Mwantumu!"

Tulicheka wote. Machozi yalinitoka kwa furaha, na kwa nafuu pia. Nikataka kumsimulia ndoto, nikaona itamharibia siku. Nikamwambia, "Hebu niimbie kidogo basi, mwimbaji namba moja, nisikie kutoka kwa mwenyewe."

"Sasa hivi, hapahapa stendi, watajua wenyewe," akasema, na akasafisha koo.

Nikasubiri. Nilisikia kondakta akiita abiria. Nilisikia mtu akiuza karanga. Nikadhani anaona aibu kuanza mbele za watu, nikaamua nimwanzishie mimi ubeti wa kwanza, adakie. Nikafungua mdomo. Nilijua unahusu pasi. Zaidi ya hapo sikukuta kitu.

Kule upande wa pili Tunu alivuta pumzi, akaiachia, akavuta tena.

"Shoga," akasema polepole, "unaanzaje vile?"